Hatua Nilizoziruka Jikoni

Kisamvu cha kwanza nilichopika nikiwa na jiko langu mwenyewe kilitoka kichungu. Haukuwa uchungu wa chumvi kuzidi wala wa chakula kuungua. Ulikuwa uchungu unaojificha nyuma ya ulimi na kugoma kutoka hata ukinywa maji. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Tabata, Dar es Salaam, ndoa haijafikisha mwaka. Mume wangu alikula matonge matatu akanyamaza, akaongeza la nne kwa heshima tu. Usiku kichwa kikamgonga, mie tumbo likanivuruga hadi alfajiri. Asubuhi nilimwaga sufuria nzima, nikakaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani nikalia. Mimi ni mtoto wa Muheza, Tanga. Kisamvu ndicho nilichokulia, na nilikuwa nimeingia kwenye ndoa nikiamini kwamba kama kuna mboga moja ninayoijua, basi ni hiyo.

Nikampigia mama. Hakuuliza habari ya chumvi wala nazi. Aliuliza neno moja: "Ulitwanga?"

"Sina kinu, mama. Nilikatakata kwa kisu, vidogo vidogo kabisa."

"Na sufuria ulifunika?"

"Nilifunika ili kiive haraka."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema taratibu, kama anayemwinua mtoto aliyeanguka: "Mwanangu, kisamvu hakikatwi."

Wakati ule nilidhani ni mila tu. Nilidhani mchi una kazi moja, kulifanya jani liwe dogo, na kisu changu kilifanya kazi hiyo vizuri. Nimekuja kuelewa baadaye sana, baada ya kuuliza na kusoma, kwamba nilikuwa nimekosea karibu kila hatua. Jani la muhogo limebeba sumu ya sianidi, ila limeibeba ikiwa imefungwa. Yenyewe imekaa sehemu moja ya jani, na kimeng'enya cha kuifungua kimekaa sehemu nyingine, kuna ukuta katikati. Mchi ndio unaouvunja ukuta huo. Ukitwanga mpaka kisamvu kilainike na kitoe maji, viwili hivyo vinakutana, sumu inafunguka, na ikishafunguka inakuwa kitu chepesi kinachogeuka hewa kwenye nyuzi joto 26 tu. Chungu kikiwa wazi, inapaa na mvuke ikaenda zake.

Sasa tazama nilichofanya mimi. Kisu kilipasua jani mistari mistari na kuacha sehemu kubwa ikiwa nzima. Nikalitumbukiza kwenye maji yanayotokota, na joto likakiua kile kimeng'enya kabla hakijaanza kazi. Halafu kile kidogo ambacho huenda kingeondoka, nikakifunika.

Bibi yangu hakuwahi kulisikia neno sianidi. Alikuwa na sheria zake mbili: kisamvu kinatwangwa mpaka ukikifinya kikuachie maji ya kijani mkononi, na chungu chake hakivikwi mfuniko mpaka ile harufu ya majani mabichi iishe uani. Saa nzima, wakati mwingine zaidi. Sisi watoto tulikuwa tunalalamika njaa, yeye anachochea kuni na kutuambia tukacheze. Mara nyingi alitumia kisamvu cha mpira, ule muhogo unaoota mti mkubwa na kupandwa kwa ajili ya majani tu, na huo ndio aliokuwa akiutwanga kwa muda mrefu zaidi.

Nilipojua sababu nilishikwa na woga wa kuchelewa. Nikakumbuka habari ya Tarime, mkoani Mara, mwaka 1985. Ukame ulikuwa umewaachia watu muhogo mchungu peke yake, na njaa ikawafanya wafupishe siku za kuuandaa na kuuanika. Ukazuka ugonjwa wa konzo: mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na hali hiyo haiponi. Walioumia zaidi walikuwa watoto na kina mama. Watu wale hawakuwa wajinga wa muhogo, waliujua kuliko mimi. Ni njaa iliyowaondolea muda. Mimi nilikuwa na muda wote, na gesi, na maji ya bomba, na bado nilikuwa na haraka.

Kwa hiyo mama alinitumia kinu. Kilisafiri kwenye buti la basi kutoka Muheza kimefungwa kwa kanga kuukuu, mchi wake umelala pembeni, na kondakta akalipisha nauli ya mzigo mzito. Ninacho hadi leo. Lakini sitaki kumfanya mtu aamini kwamba bila kinu hakuna kisamvu. Siku hizi sokoni kisamvu kinasagwa kwa mashine ukiwa umesimama hapo hapo, nami nanunua bila wasiwasi, nikikifikisha nyumbani nakichemsha wazi. Blenda nayo inafaa. Jani lipondwe, chungu kiwe wazi. Chombo ni shauri lako. Kitunguu saumu natwangia humo humo, karanga au nazi naitia mwishoni.

Maharage yalinipa somo lililoniogopesha zaidi, kwa sababu safari hii watoto walikuwepo. Nilikuwa nimepata kile kikapu cha kutunza joto, kilichoshonewa kitambaa na kushindiliwa pamba pembeni, ambacho unachemsha chakula jikoni kidogo kisha unakifunika humo kiendelee kuiva bila moto. Ni kitu kizuri, bado ninacho na kinaokoa gesi. Siku ile niliyachemsha maharage mekundu dakika chache tu, tena sikuwa nimeyaloweka, nikayatumbukiza kwenye kikapu nikaenda kazini. Niliporudi yalikuwa laini kiasi, yana ugumu kidogo katikati. Nikayaunga kwa kitunguu na nyanya, tukala na chapati. Hazikupita saa tatu, sote wanne tulikuwa tunatapika.

Muuguzi aliyetupokea aliuliza tumekula nini, na nilipomweleza habari ya kikapu alitikisa kichwa. Maharage mekundu yana sumu yake ya asili, na sumu hiyo inahitaji mchemko wa kweli kuiua, maji yakiwa yanaruka kabisa, angalau dakika 10. Joto la nyuzi 80 hivi halitoshi; linaweza hata kuongeza makali yake. Kikapu changu kilikuwa kimeyaweka maharage kwenye joto lile lile baya mchana kutwa. Tangu siku hiyo naloweka usiku kucha, namwaga maji ya kuloweka, nachemsha kwa nusu saa moto mkali, ndipo nayaweka kwenye kikapu. Na kwa utaratibu huo kikapu kinafanya kazi nzuri mno.

Nikiri na jambo la magadi. Niliwahi kupika makande kwa ajili ya wageni wa kitchen party ya mdogo wangu, mahindi yaliyokobolewa na maharage, na kwa sababu sikuwa nimeloweka nilitia magadi ili yaive upesi. Yaliiva. Yalikuwa na ladha ya sabuni. Magadi kidogo kwenye mlenda yana nafasi yake, waliozaliwa Dodoma na Singida wanajua kiasi chake kwa macho. Mimi sina macho hayo, nimeacha.

Sasa nazi. Hapa ndipo ningependa kukaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia kwa aibu.

Mama mkwe wangu ni mwanamke wa Machame, Kilimanjaro. Alipokuja kututembelea mara ya kwanza nilitaka ale chakula cha pwani aseme mwenyewe. Nikanunua samaki aina ya changu, wabichi, soko la feri, nikanunua nazi tatu, ukwaju, binzari. Nikakuna, nikakamua, tui lote nikalichanganya kwenye bakuli moja, nikalimimina juu ya samaki na ukwaju, nikawasha moto mkubwa kwa sababu wageni walikuwa wameshanawa mikono. Nilipofunua sufuria nilikuta maji ya kijivujivu, juu yake mabonge meupe madogo kama maziwa yaliyoganda, na mafuta yakielea pembeni. Tui limekatika. Mama mkwe alikula bila kusema kitu. Ndiyo kwanza alikuwa anaonja samaki wa nazi maishani mwake, na nilimlisha huo.

Mwezi uliofuata mama alikuja Dar. Hakunipa maelezo. Alinikalisha juu ya mbuzi, akasimama nyuma yangu.

Kitu cha kwanza alichonikataza ni kukuna mpaka kwenye kifuu. Unakuna ile nyeupe tu; ukifika kwenye ngozi ya kahawia, acha, geuza. Ile kahawia ndiyo inayolitia tui rangi ya kijivu. Sauti yenyewe inakuambia: nyeupe inakwaruzika laini, kahawia inalia. Nilikuwa sijawahi kuisikiliza. Alinifumba macho kwa viganja vyake, akaniambia kuna, nami nikasikia pale ambapo mbuzi ulianza kulia.

Kisha kifumbu. Kifumbu ni kile kikapu chembamba kirefu cha ukindu, unajaza nazi iliyokunwa unakisokota kama nguo iliyofuliwa. Nilikuwa natumia chujio la chai. Mama alinyunyiza maji ya vuguvugu kidogo sana, kama kikombe kidogo cha kahawa, akaikanda nazi kwa vidole muda mrefu kabla ya kuitia kwenye kifumbu. Akasokota. Likatoka tui zito, jeupe, linashuka polepole kama uji. "Hili ni kasimile," akasema, "weka mbali na moto." Akarudisha chicha kwenye bakuli, akaongeza maji, akakamua la pili. Kisha la tatu, ambalo lilikuwa kama maji yaliyooshea maziwa. Bakuli tatu mbele yangu, na mimi miaka yote nilikuwa na bakuli moja.

Samaki wakapikwa kwa tui la tatu na la pili, pamoja na kitunguu, binzari, pilipili nzima isiyopasuliwa. Ukwaju ukaingia humo, ukachemka ukakolea, uchachu ukatulia. Samaki walipoiva ndipo moto ukashushwa kabisa na kasimile ikamiminwa, na kuanzia hapo upawa haukutoka mkononi mwa mama. Alikuwa hakorogi kwa kuzungusha, maana samaki wangevunjika. Alikuwa anachota mchuzi, anaunyanyua juu, anaumwaga tena sufuriani, anachota, anaumwaga. Mara tu mapovu madogo yalipoanza kuonekana pembeni, akaepua.

Tui ni mafuta yaliyoshikiliwa na maji, na kinachoyashikilia ni utomwili wa nazi, yaani protini yake. Moto mkali au uchachu ukilivamia tui zito, utomwili unaganda, mafuta yanaachiliwa. Mimi nilikuwa nimelivamia kwa vyote viwili kwa pamoja. Nilipomwambia mama habari ya sufuria yangu iliyokatika, alisema kitu ambacho kilinipa faraja kubwa: tui lililokatika si bovu, limeanza kuwa mafuta. Ndivyo anavyopika mafuta yake ya nazi mpaka leo. Analichemsha tui makusudi, analiacha likatike, analiacha lichemke mpaka maji yaishe na mashapo yawe ya kahawia, kisha anachuja. Jambo lile lile nililolilia ndilo analolisubiri yeye, ila kwa sufuria nyingine na kwa kazi nyingine.

Wanaotumia nazi ya kopo au ya pakiti wasijisikie vibaya. Mimi pia siku za kazi naitumia. Nimejifunza kuitendea kama kasimile: sehemu ndogo naichanganya na maji mengi ndiyo ninayopikia, na iliyobaki naitia mwishoni moto ukiwa chini.

Somo la mama mkwe lilikuja nilipojifungua mtoto wa pili. Wa kwanza nilijifungulia kwetu, huyu wa pili mume wangu aliomba nikakae kwao. Kwa Wachaga mzazi anapewa mtori, ndizi na nyama ya ng'ombe iliyo na mfupa, vikapondwa pamoja mpaka inakuwa supu nzito. Niliunywa siku nyingi mfululizo, asubuhi na jioni, na nikapata nguvu ambazo sikuzitegemea. Nilipoanza kusimama vizuri nikamwomba anifundishe.

"Kwanza mikono," akasema, akanimiminia mafuta viganjani. Ndizi mshare zina utomvu unaoganda kwenye vidole na chini ya kucha, na bila mafuta unakaa nao siku mbili. Kila ndizi ikimenywa inadumbukizwa kwenye maji papo hapo, kwa sababu ikipigwa na hewa inakuwa nyeusi na supu inakuwa na rangi ya matope. Haya nilifuata. Lakini nilipoona nyama imechemka vizuri na ndizi zimeingia, nikachukua nyanya nilizokuwa nimekwisha kuzikata nikataka kuzitia. Akanishika mkono.

"Bado, mama. Ukitia sasa ndizi zitagoma."

Nikaacha. Ndizi zikaiva mpaka zikawa zinapasuka zenyewe, akazivuruga kwa mwiko, ndipo nyanya na kitunguu vikaingia, na maziwa kidogo mwishoni. Niliporudi Dar nilijaribu njia yangu ili nijue, nikatia nyanya mwanzo. Kweli ziligoma. Zilikaa saa nzima na nusu zina ugumu ule wa mpira, na nilipozivuruga zikawa vipande vipande. Uchachu unazuia kulainika. Hata maharage ukiyatilia nyanya kabla hayajaiva yanakukalia jikoni kutwa. Nilikaa nikafikiri juu ya wanawake wawili, mmoja wa Muheza na mwingine wa Machame, ambao hawajawahi kupika pamoja, na wote wawili walinishika mkono kwenye jambo moja: kitu kichachu kisubiri zamu yake.

Wali wa nazi naujua tangu udogo, kwa hiyo sikutegemea unisumbue. Ulianza kunisumbua tulipohamia kwenye gesi. Kwa mkaa, wali ukikaribia kukauka unapunguza makaa chini, unayapanga mengine juu ya mfuniko, ndiko kupalia. Joto linatoka juu na chini, wali unakauka kwa mvuke wake wenyewe, punje moja moja, na chini unapata ukoko wa rangi ya dhahabu ambao watoto wanaugombea. Gesi haina makaa ya kupanga juu. Wali wangu ulikuwa unaungua chini na juu una kiini, au ukiongeza maji unakuwa bokoboko.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu wengi tuko kwenye kuhama huku. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulioanza 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na mimi nauunga mkono kwa moyo wote. Macho ya bibi yangu yaliharibiwa na moshi. Ila mtu anapoacha mkaa anatakiwa aondoke na wali wake. Mimi nilihangaika miezi kadhaa nikafika hapa: wali ukibakiza maji kidogo tu, naweka kikaango kizito cha chuma juu ya gesi, sufuria naiweka juu ya kikaango, moto wa chini kabisa. Mfuniko naufunga kwa kitambaa safi, ncha zake nazikaza juu zisining'inie karibu na moto. Kitambaa kinanyonya mvuke usidondoke tena kwenye wali. Dakika 20, sifunui. Ukoko unatoka. Si mnene kama wa mkaa, lakini unatoka.

Na mchele uuliziwe. Mchele mpya una unyevu wake, unataka maji machache. Uliokaa ghalani unakunywa zaidi. Nikinunua wa Kyela uliotoka shambani juzi nikaupimia maji kama ule wa mwaka jana, najua nitapata bokoboko. Kwa hiyo kibaba cha kwanza cha kila mfuko mpya nakipika siku ambayo hakuna mgeni.

Bada ni ugali wa muhogo, na kwetu Muheza tunaula na mchuzi wa papa. Papa mkavu alowekwe maji ya moto, asuguliwe mchanga utoke kwenye ngozi, maji yamwagwe, chumvi ya mchuzi isitiwe mpaka umeonja. Hapo sina mengi zaidi ya kusema. Unga wake nanunua kwa mama mmoja ninayemwamini, ambaye nimeshamwuliza makopa yake, vile vipande vya muhogo wa kukausha, yanakaa juani siku ngapi, na sioni haya kumwuliza tena kila msimu.

Mwanangu wa kwanza sasa ana miaka 11 na ameanza kupika ugali wa mahindi. Mwanzoni alimimina unga wote kwa pamoja kwenye maji ya moto akaanza kupambana, na nilijizuia nisimpokonye mwiko. Alikula ugali wake wenye mabonge, ndani ya kila bonge unga mkavu. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe akauliza kwa nini wa kwangu hauko hivyo. Nikamwonyesha: unga kidogo unakorogwa kwa maji baridi, unatiwa kwenye maji yanayochemka, unakuwa uji, na uji uachwe utokote dakika kadhaa, upige mapovu makubwa. Ndipo unga mwingine uingie kidogo kidogo, unasonga, unaugandamiza kwenye ukingo wa sufuria, unaugeuza. Unga uliochemka kwenye uji ndio unaokuja kuushika ule mkavu. Aliposikia kwamba nsima ya Malawi, ambayo ni ndugu ya ugali wetu, iliingizwa na UNESCO mwaka 2017 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia usioshikika, alisimama na mwiko mkononi akaniuliza kama na huu wake ungehesabiwa. Nikamwambia ule uliotulia kwenye uji kwanza, ndiyo.

Mwezi uliopita mama mkwe alikuja tena. Nilinunua changu feri, nikakuna nazi tatu nikisikiliza mbuzi, bakuli tatu nikazipanga. Alikuwa amekaa jikoni safari hii, hakutaka kukaa sebuleni. Alitazama mwanzo mpaka mwisho, na nilipofika kwenye kasimile, nikiwa nachota na kumwaga, hakuuliza kitu. Alikula, akaongezwa, akaongezwa tena. Akaosha mikono, akarudi jikoni akakichukua kifumbu kilichokuwa kinakauka dirishani, akakigeuza, akakinusa.

"Hivi kwenu vinauzwa?"

Nikamwambia nitaagiza Muheza, kitakuja na basi.

"Basi niandikie pia," akasema, "kwanza nini, halafu nini. Usiruke kitu."

Nikachukua daftari la mwanangu na kalamu, nikakaa naye mezani. Nikaandika: Kuna nazi, uishie pale nyeupe inapoishia.